Siku Niliyosimama Mbele ya Gari la Papa

Jumapili, Februari 1999. Durban.

Joto la leo halina adabu. Jua limeshazama, nimeoga, na bado blauzi imenigandia mgongoni. Radi inanguruma upande wa Pinetown lakini mvua haitaki kushuka. Mikono yangu inanuka petroli. Nimeisugua kwa sabuni ya unga mpaka ngozi imekuwa nyekundu, na harufu haijatoka.

Ninaandika sebuleni kwa mwenye nyumba wetu, hapa Queensburgh, kwenye kompyuta yake yenye intaneti. Ananiruhusu jioni za Jumapili. Sijui kama kuna mtu anayesoma ukurasa huu na nadhani ni afadhali nisijue. Mimi ni mtu ambaye muuzaji akinipa soda nisiyoagiza, naichukua na kuinywa yote. Nilimaliza shule mwaka jana bila mwalimu wa Historia kuijua sauti yangu.

Leo Papa, baba yangu, angeweza kufa kwa sababu ya sauti hiyo hiyo.

Ngoja nianze na gari.

Ni Mustang, gari la Kimarekani lililonizidi umri kwa miaka mingi. Papa ni fundi. Kwetu Lubumbashi, Kongo, alikuwa anatengeneza malori ya migodi. Hapa ananyoosha mabodi ya magari yaliyogongwa, katika gereji moja kule Jacobs. Gari lilikuwa limetupwa nyuma ya gereji hiyo. Mti ulikuwa umeota ndani ya buti na paka alikuwa amezalia kwenye kiti cha nyuma. Tajiri wa gereji alitaka nafasi, akamwambia Papa aliondoe. Papa akafungua mlango wa kushoto, akakaa, akacheka peke yake. Usukani ulikuwa kushoto, kama kwetu. Hapa Afrika Kusini usukani huwa kulia, na kila fundi aliyeliona gari alimshauri auhamishe. Alikataa.

"Miye nilijifunza kuendesha upande hii," alisema. "Motoka ni mgeni sawa na sisi. Muiache na tabia yake."

Mwaka wangu wote wa mwisho wa shule, kila Jumamosi, nilikuwa chini ya gari hilo. Mwanzoni si kwamba nilipenda magari. Nilipenda kwamba chini ya gari hakuna anayekuuliza maswali. Mikono yangu ni myembamba, inapita mahali ambapo mikono ya Papa inakwama. Tulikata kutu, tukachomelea sakafu mpya. Injini ilishughulikiwa na rafiki yake Papa, Tonton Shabani, Mtanzania wa Tanga anayechonga vyuma kwa mashine. Hatuna undugu, lakini kwetu mtu kama huyo tunamwita tonton, yaani mjomba. Injini ina silinda nane. Ikiwaka, vyombo vya jirani vinalia kabatini.

Halafu wakaanza kulibadilisha gari lenyewe. Springi fupi na ngumu. Kiti kimoja tu, chenye mikanda ya mabega. Nguzo za chuma ndani, ili paa lisimwangukie dereva gari likipinduka. Na mwisho kabisa, breki za mbele: Papa aliondoa zile za zamani tukafunga za diski, kutoka kwenye gari la siku hizi. Yote hayo kwa ajili ya siku moja, kwenda kwenye uwanja wa mbio siku ambayo watu wa kawaida wanaruhusiwa kuingia na magari yao. Si mashindano. Unaliachia gari likimbie mahali ambapo hakuna robot, yaani taa za barabarani, wala watoto wanaovuka barabara.

Mama hakutaka kulisikia. Kaka yake, Mjomba Fabrice, alikufa kwenye barabara ya Likasi, ndani ya lori lililokosa breki kwenye mteremko. Mimi nilikuwa mdogo, namkumbuka kwa viatu vyake tu. Tangu Papa aanze kazi ya gari, Mama hakuwahi kukanyaga Jacobs. Chakula alinipa mimi nipeleke. Papa akitaja injini mezani, Mama alikuwa anaanza kukusanya sahani, hata kama hatujamaliza.

Jana jioni gari lilikuja nyumbani kwa mara ya kwanza, juu ya trela, wakalishusha uani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Nilidhani ataingia tena. Badala yake alishuka ngazi, akaja mpaka karibu.

"Na frein iko wapi?"

Frein ndiyo breki, kwa Kifaransa chetu. Papa nusura adondoshe spana. Alichuchumaa, akamwonyesha kupitia matundu ya rimu ile sahani ya chuma inayong'aa.

"Ile. Injini inanipeleka. Ile pale ndiyo inanirudisha kwako."

Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Papa aliimba akiwa anaoga. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akiimba akioga.

Leo alfajiri niliamka kwenda chooni, nikamwona Mama kupitia dirishani. Alikuwa amepiga magoti kando ya gari, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Mkononi alikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya upako, yale mafuta ya mizeituni ambayo mchungaji na wamama wa maombi wanayaombea. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa ameshapaka mlango. Akamimina tena kiganjani, akapitisha vidole kwenye matundu ya rimu, ndani kabisa, akapaka. Akahamia gurudumu la pili.

Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Nilirudi kitandani nikajifanya nimelala, asije akaona haya kwamba nimemwona.

Nilizifunga diski zile kwa mikono yangu mwenyewe, na bado sikufikiri kitu kingine chochote.

Mama akaenda kanisani. Sisi watatu tukaenda uwanjani kwa pikapu ya Tonton Shabani, gari nyuma yetu juu ya trela. Ni zaidi ya saa moja kutoka mjini, unapanda tu, hewa inabadilika. Tulikuta magari ya kila aina na wanaume wengi wenye viti vya kukunja na moto wa kuchoma nyama. Nilikaa kwenye kivuli cha trela na maandazi ya Mama. Papa alizungusha gari mara moja polepole pale tulipoegesha.

"Breki iko nzito kidogo," alisema.

"Mpya hizo," Tonton Shabani akamjibu. "Zikipata moto zitashika. Usiwe na haraka nazo."

Papa akavaa helmeti. Niliona jani limenasa kwenye rimu ya mbele, nikapeleka mkono nilitoe. Tonton Shabani akanipiga kofi la mkononi, si la kuumiza.

"Wee binti! Na mikono ya maandazi? Hapo hata tone la mafuta halitakiwi. Breki ikinywa mafuta inateleza kama kambale. Unataka tumzike huyu mzee leo?"

Akacheka. Papa naye akacheka ndani ya helmeti, akawasha injini, akaondoka kwenda kupanga foleni.

Mimi nilibaki na andazi mkononi.

Niliona tena vidole vya Mama vikiingia kwenye matundu ya rimu. Niliona chupa. Alipaka pale pale Papa alipomwonyesha, kwa sababu Papa alimwonyesha. Diski inazunguka, pedi zinaibana pande mbili, msuguano ndio unaosimamisha gari. Mafuta katikati, hakuna msuguano. Mtoto yeyote aliyelala chini ya gari mwaka mzima anajua hilo.

Sasa nitasema ukweli, kwa sababu ukurasa huu hauna faida kama nitadanganya hapa pia. Sikukimbia mara moja. Nilisimama nikahesabu watakaocheka. Nilifikiri Tonton Shabani atalipeleka jambo hili mpaka Tanga. Nilifikiri Papa atasema Mama hakutaka gari hili tangu mwanzo, na Mama, aliyeshuka zile ngazi jana kwa shida yote ile, hatashuka tena. Nilijiambia mafuta ni kidogo, yataungua. Nilijiuliza pia kama kuyasema vibaya mafuta ya upako ni kumkosea Mungu. Nilitafuta kila sababu ya kunyamaza na nilizipata nyingi, zote nzuri.

Mbele ya Papa kulikuwa na magari matatu. Mwenye bendera akaliruhusu la kwanza.

"Tonton," nilisema.

"Eh?"

"Tonton, breki..."

Injini zilikuwa zinanguruma pande zote. Akaweka mkono sikioni. "Nini? Maji? Yapo kwenye pikapu, nenda kachukue."

Nikaenda. Naona aibu kuandika hili. Nilipiga hatua kadhaa kuelekea kwenye pikapu kuchukua maji ambayo sikuyaomba, kwa sababu kutii ni rahisi kuliko kurudia.

Bendera ikashuka tena. Gari la pili likaondoka.

Nilitupa andazi nikageuka. Nilikimbia kando ya foleni, wanaume wakinitazama, mmoja akinipigia kelele kwa Kiingereza kwamba hapa watu hawaruhusiwi. Gari lililokuwa mbele ya Papa liliondoka nikiwa bado nakimbia. Papa alikuwa anatazama bendera. Niligonga ubavu wa gari kwa kiganja lakini gari lile lenyewe linatetemeka, hakusikia kitu. Nilifungua mdomo niite. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyeko chini ya mto.

Basi nikaenda mbele. Nikasimama katikati, magoti yangu yakigusa bampa, nikaweka mikono yote miwili juu ya boneti.

Boneti ilikuwa ya moto. Sikuitoa mikono.

Niliona macho ya Papa. Alianza kunipungia mkono niondoke. Halafu akanyanyua kioo cha helmeti akafoka, nikaona mdomo wake ukisema jina langu, Solange, Solange, toka! Mwenye bendera alikuja mbio, akaenda dirisha la kulia kumgombeza dereva, akakuta hakuna dereva upande huo, wala kiti. Alisimama pale akigombeza hewa. Watu nyuma wakaanza kupiga honi. Nilikuwa nimewazuia wote. Kila mtu pale alikuwa ananiona, jambo ninaloliogopa kuliko mengine yote duniani, na sikuwa na neno hata moja. Nilitikisa kichwa tu. Hapana. Hapana.

Papa akazima injini.

Akavua helmeti, akatoka, uso umelowa jasho na hasira. "Weye iko na nini? Unataka nikukanyage?"

"Papa, iko mafuta kwa frein."

Ilikuwa sauti ya chini lakini ilifika.

"Nani alitia?"

Nilitazama gurudumu. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye rimu, akakitazama, akakinusa. Mafuta ya injini hayanuki vile. Akanusa mara ya pili, taratibu, na niliona anajua harufu hiyo ameinusa wapi.

"Ni Mama?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Tulilisukuma gari nje ya foleni kwa mikono, mimi, Papa na Tonton Shabani aliyefika akihema, Papa akimweleza njiani kuhusu Mama. Kwenye eneo tupu nyuma ya maegesho Papa aliwasha, akaenda mwendo wa mtu anayekimbilia basi, akakanyaga breki kwa nguvu. Gari halikusimama. Lilivuta upande wa kulia, likaendelea kuteleza, likasimama hatua chache kutoka kwenye trela ya watu. Mwendo wa mtu anayekimbilia basi. Kule ndani ya uwanja, mwisho wa njia ndefu iliyonyooka, kuna kona, na nyuma ya kona kuna ukuta wa matairi.

Papa alizima injini akashuka.

Kisha Tonton Shabani akashika kiuno. "Lo, shemeji! Katukaangia breki kama samaki!"

Nilitazama chini. Nilingoja Papa aseme yale niliyoyaogopa. Alikuwa ameegemea mlango, anafuta kile kidole kwenye suruali, anafuta tena na tena.

"Aliniuliza iko wapi," alisema. "Nilimwonyesha. Miye ndiye nilimwonyesha." Halafu akamgeukia Tonton Shabani. "Na weye, ukipeleka hii habari kwa watu, nitakukaanga weye."

"Mimi? Mimi mdomo wangu kaburi."

"Kaburi gani inaongea vile?"

Tukafanya kazi. Jeki, magurudumu chini, diski tukaziosha kwa petroli, tukazikausha, tukaziosha tena. Pedi zilikuwa zimeshanywa, tukazitupa. Tonton Shabani alikuwa na seti ya akiba kwenye sanduku lake. Diski nilizisugua kwa msasa mimi mwenyewe, polepole, sehemu ndogo ndogo, na Papa alinipa kitambaa safi kila nilipoomba. Breki za nyuma zimefunikwa, vidole vya Mama havikufika huko. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilichelewa kusema. Nilitaka mtu aniulize.

Mchana, baada ya kuzipasha moto breki kwa mwendo wa pole, Papa akarudi kwenye foleni. Mwenye bendera alinitafuta kwa macho, akanionyesha kwa kidole nikae mbali. Nilisimama nyuma ya uzio.

Wala sikusikia raha ya ile injini, ambayo nimeingoja mwaka mzima. Nilikuwa natazama kona. Gari lilikuja kwenye njia iliyonyooka likikua, likikua, na nikaona limechelewa, halitasimama, nimesahau upande mmoja, nimesugua vibaya. Halafu pua yake ikainama chini, matairi yakalia, na gari likageuka kwenye kona kama limeshikwa mkono.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Tonton Shabani aliniletea maji. Safari hii nilikuwa nayahitaji.

Ningependa kuishia hapo. Lakini tumerudi nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni, bado na kitambaa cha kanisani. Hakuuliza kuhusu mwendo wala injini. Alishuka ngazi zote, akamshika Papa mikono miwili.

"Frein zilikamata?"

Papa alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Zilikamata."

Mama alifunika uso. Mabega yalikuwa yanatikisika na nilidhani analia, lakini alipoondoa mikono alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka vile tangu tulipohama kwetu. Akatuambia alichofanya alfajiri, kila kitu, gurudumu la kwanza na la pili, jinsi alivyoomba kwa jina la kaka yake. Alituambia na saa aliyosimama kanisani kumwombea Papa. Alimgusa Papa kifuani kama anahakikisha yupo.

"Mtarudi lini?"

"Mwezi kesho," Papa akasema.

"Basi mwezi kesho nitatia mingi. Chupa yote."

Tonton Shabani alikohoa, akakumbuka ana kazi kwenye pikapu. Papa, aliyeingia kwenye kona ile leo bila kuogopa, aliangalia viatu vyake. Kisha akasema ana njaa.

Kwa hiyo nimejua kwamba ugonjwa huu wa kunyamaza sikuutoa mbali.

Wakati Mama anapakua chakula, Papa alinisogelea na kuninong'oneza: "Mwezi kesho tutaosha tu, mbele ya kutoka. Asijue." Nilifikiri juu ya hilo nikila. Inawezekana. Tunaweza kuamka kabla yake, au baada yake, na petroli na kitambaa, kila mara, miaka yote. Na siku moja tutakayochelewa, au siku ambayo mimi sipo, je?

Tena si haki kwake. Yeye alishuka ngazi akauliza breki iko wapi. Aliuliza kwa sababu anataka kujua.

Kesho asubuhi Mama atanisuka kabla ya kwenda saluni anakofanya kazi, kama kila Jumatatu. Nitakuwa nimekaa chini katikati ya magoti yake, sitauona uso wake, naye hatauona wangu. Hapo ndipo nitakapomwambia. Leo nilisimama tu na gari likazimwa, lakini kwa Mama kusimama hakutatosha, itabidi maneno yatoke. Nimeyafanyia mazoezi tangu tulipomaliza kula. Nitamweleza diski na pedi, jinsi zinavyoshikana. Sitamwambia aache kuomba. Nitamwambia mafuta yake yana mahali pengine, na nimeshamtafutia: paji la uso la Papa, chini ya helmeti. Pale, hata akimwaga chupa nzima, gari litasimama.